Bakuli Lililokataa Kuoza

Kazi yangu ni kutengeneza vitu na kuomba vioze. Ukimweleza mtu hivyo anakutazama kwa huruma, nami siku hizi sina nguvu ya kufafanua. Natengeneza mabakuli ya chakula kwa nyuzi za mgomba. Maganda ya shina yanachemshwa na majivu mpaka yalainike, yanatwangwa, yanachanganywa na wanga wa muhogo na nta kidogo, kisha rojo lake linakandamizwa kwenye kalibu na kuanikwa. Kila toleo likikauka, bakuli moja nalijaza maji ya moto, nakaa mbele yake na saa. Jingine nalizika uani na kijiti chenye namba.

Matoleo thelathini yalivuja. Thelathini, si mchezo. La thelathini na moja lilikaa na maji saa nzima, meza kavu kabisa, na kichwa kikanivimba. Nilimpigia mwenye mikahawa, mama mmoja wa maneno machache, aliyechoka kuona makopo yake ya plastiki yamejaa mtaroni. Akasema atachukua mabakuli yangu kwa mikahawa yake yote, ila kwa sharti moja: baada ya miezi mitatu nimfukulie lile la uani, alione limeoza. Wiki hiyohiyo niliacha kazi ya kuchora vibandiko vya sabuni, kazi pekee iliyokuwa ikitulisha mimi na Mama.

Miezi mitatu ikatimia, na mwenye mikahawa alikuwa aje Jumamosi. Ijumaa mchana uvumilivu ulinishinda, nikachukua jembe nichungulie. Bakuli likatoka zima, na ukingo wake, na hata alama ya kidole changu gumba. Nilipolisuuza bombani likawa safi kuliko vyombo vyetu vya kabatini. Nikachimba pembeni, nilipozika toleo la thelathini juma moja kabla yake. Hapo sikupata kitu ila kijiti na udongo mweusi.

Nilikaa chini palepale. Majivu yaleyale, wanga uleule, nta ileile. Mama ndiye aliyekuwa akinichanganyia rojo asubuhi nikiwa kazini, na sasa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza kuna nini. Aliuliza kama limetoka zima.

"Nilitia gundi, mwanangu," akasema. "Ile ya seremala, isiyosikia maji. Ilibaki tulipotengeneza kiti."

Nilimuuliza kwa nini, taratibu, maana kufoka nako kunataka pumzi.

"Ulikuwa unarudi kazini, unakaa na saa mbele ya bakuli mpaka livuje, halafu unalia ukidhani nimelala. Nilichoka kukuona unachoka."

Hasira ilinipanda. Aibu ikaizidi. Miezi mitatu mizima nilikuwa nimejitapa kwa kila mtu, kumbe fundi ni gundi. Nilimpigia mwenye mikahawa nikamweleza yote, isipokuwa sikumtaja Mama. Nilisema tu kwamba tulitia gundi. Akasema basi hana haja ya kuja, akanishukuru kwa kusema ukweli, akakata simu. Shukrani hiyo iliniuma kuliko matusi.

Jioni Mama alipika maharage. Alipakua kwenye mabakuli mawili ya toleo la thelathini, yale yasiyo na gundi, yaliyokuwa yakiwekewa vifungo na sindano. Nilidhani ananitania, ila sikuwa na nguvu ya kubishana. Tulikula. Alipomaliza, aliliinua lake, akapitisha kiganja chini yake. Akakitazama kiganja: kikavu.

"Hili lilivuja baada ya muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Na ni nani aliyekwambia mtu anakula maharage saa nzima?"

Mwenye mikahawa hakuwahi kutaja saa. Alitaja kuoza tu. Ile saa nzima niliiweka mimi mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, bila kumuuliza mtu, nikayahukumu nayo mabakuli thelathini, nikamtesa nayo mama yangu. Na la thelathini lilikuwa limeshageuka udongo uani, kama lilivyotakiwa.

Nikaivuta simu nimpigie tena. Mama akanishika mkono, akaninyang'anya simu, akaiweka upande wake wa meza.

"Maliza kula kwanza," akasema. "Bado una dakika ishirini."