Kidari cha Mama Philemoni

Naandika haya nikiwa na akili timamu. Likizo ile nilikuwa chini ya uangalizi, kwa kosa la kumtilia Baba magadi kwenye chai. Hukumu yake aliisoma mezani: "Agnela, utani mmoja tena, likizo yote unaimalizia Marangu kwa bibi yako, unakata majani ya ng'ombe."

Kwa hiyo siku wakwe wa dada Anneth walipotarajiwa hapa kwetu Sekei, niliishi kama mtawa.

Baba alileta beberu mzee kuliko mimi. Sisi Wachaga mgeni mkubwa tunamwandalia kidari, nyama ya kifua, kikiwa kizima juu ya sinia. Kikifika kimevunjika, anajua hakuheshimiwa. Mgeni alikuwa Mama Philemoni, mama wa mchumba.

Asubuhi Shangazi Hedwiga alikipaka kidari chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu, akakifunika, akanikazia macho.

"Mtu asiguse."

"Shangazi, mimi hata sijakiona."

"Ndiyo maana nakuogopa."

Saa nne nilipita nyuma ya jiko. Kwenye mpapai wetu yalikuwa yamepungua mapapai mabichi matatu. Kikonyo kimoja kilikuwa kimekauka, cha pili kinanata, cha tatu bado kinadondosha utomvu mweupe, ule unaowasha ngozi. Papai bichi hulainisha nyama, na kipande kidogo kinatosha. Hapa kulikuwa na nyakati tatu tofauti. Nilianza kuishuku familia yangu.

Anneth alikuwa anajikuna vidole. Mama alinawa mikono mara ya tatu. Shangazi alijipaka mafuta ya nazi viganjani, mtu ambaye huwa anayabania hata nywele zake.

Wageni walishakaa sebuleni Shangazi alipoingiza mwiko sufuriani. Mfupa ulitoka peke yake, mweupe, msafi. Nyama ilibaki chini kama uji.

Wote watatu walinigeukia. "Agnela!"

"Wekeni mikono mezani," nikasema. "Anayewashwa ndiye."

Shangazi akavuta mikono nyuma: "Niliweka kidogo tu, alfajiri."

"Mimi nilijua huweki, wifi," Mama akanong'ona. "Wewe na majivuno yako ya kupika."

Anneth alikuwa analia. "Mimi niliona hamnijali. Niliweka papai zima."

"Tena mnafichana!" Shangazi akasema. "Huyu mama akijua nyumba hii watu wanaviziana jikoni, atamchukua binti yetu kweli?"

Sinia liliingia na uji wake. Mama Philemoni aliutazama muda mrefu, kisha akawatazama wanawake wa nyumba mmoja mmoja.

"Hiki ni nini?"

Anneth alitua trei ya vikombe, akafungua mdomo kukiri. Nikasimama.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi. Nilipaka mapapai matatu, kwa utani."

Baba hakupandisha hata sauti. "Kesho asubuhi. Marangu."

"Kumbe ni mtoto," Mama Philemoni akasema, na mabega yake yakashuka. "Mimi nilidhani ni ujumbe." Akaomba kijiko.

Nilipopita jikoni, Shangazi, Mama na Anneth walikuwa wamesimama mbele ya karai moja la maji baridi, mikono sita ndani, hakuna aliyethubutu kuniangalia usoni.