Bei ya Kuchelewa

Mwalimu Jacqueline alipewa wiki moja tu. Mwalimu Mkuu Leodegar, mzee aliyeamini kwamba nidhamu huota kwenye mpera, mti alikokata fimbo zake, alimwita ofisini Jumatatu.

"Umesema unawaweza wanafunzi bila fimbo. Haya. Ijumaa nitasimama getini mwenyewe. Waliochelewa wakizidi watano, fimbo inarudi, na kazi ya nidhamu nampa mwingine."

Jacqueline alitoka akipiga hesabu. Kwa siku ya kawaida walichelewa arobaini. Shule ilikuwa nyuma ya maduka ya vitenge ya Kariakoo, na hakuna mtoto aliyeweza kupita pale watu wanapogombania bei asisimame kujua mshindi.

Kesho yake wa kwanza kunaswa alikuwa Huda wa darasa la sita, binti wa Mzee Mbaruk muuza vitambaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Utafagia uwanja wiki mbili."

Huda hakulia. Aliutazama uwanja akakunja uso, kama aliyeonyeshwa kitambaa chenye doa. "Wiki mbili kwa dakika kumi? Mwalimu, hiyo bei ya watalii. Fanya siku moja."

Jacqueline alipaswa kukasirika. Lakini alikuwa amelelewa nyuma ya kaunta ya mama yake, Mama Agnesi wa Mtaa wa Sikukuu, na damu ikauwahi mdomo.

"Siku moja hata mtaji haurudi. Wiki."

"Siku mbili, na hapo naumia."

"Nne, kwa kuwa umenifungulia asubuhi."

"Tatu, ya mwisho."

"Chukua."

Huda akaduwaa. Kariakoo hakuna anayekulazimisha kutaja bei, ila ukiitaja na muuzaji akasema chukua, kuondoka ni matusi ya nguoni. Alifagia siku zake tatu bila kusimamiwa. Hakumwogopa mwalimu, aliogopa wenzake waseme binti Mbaruk anataja bei halafu hanunui.

Habari zikaenea. Jumatano watoto walipanga foleni kupatana adhabu. Mvulana mmoja, Asad, aliondoka na kusugua vyoo siku mbili, akatamba kwamba amemlalia mwalimu kwenye bei. Alipomaliza kuvisugua, hakutaka tena bidhaa ile hata bure. Alhamisi waliochelewa wakashuka hadi kumi na mmoja.

Ijumaa Leodegar alikuwa getini, fimbo kwapani. Kengele ikalia. Akaingia wa kwanza aliyechelewa, wa pili, mpaka wa tano. Njia ikawa nyeupe. Jacqueline alikuwa ndiyo kwanza anashusha pumzi, Huda akachomoza konani, mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Sita," alisema Leodegar, na sauti yake ilinenepa. "Nilisema wakizidi watano, fimbo inarudi."

Huda aliitazama fimbo, akamtazama Jacqueline aliyekwisha kusawajika, akaelewa.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu. Sita na tano zinapishana nini? Punguza mmoja."

"Hapa si dukani kwenu."

"Basi nihesabu nusu. Kengele imelia nikiwa nauona ukuta."

"Sita."

Huda akatikisa kichwa kwa huzuni. "Haya, asante. Ngoja nizunguke kwanza." Akageuka, akaanza kuondoka taratibu, bila kutazama nyuma.

Kabla ya ualimu, Leodegar aliuza viatu vya mitumba soko la Mchikichini miaka sita. Alizoea jua, vumbi na mgambo, lakini mgongo wa mteja hakuwahi kuuzoea. Jacqueline aliona midomo ya mzee ikichezacheza. Hatua tano. Hatua kumi. Huda akakaribia kukata kona.

"We binti, hebu rudi."

Geti zima likamgeukia Leodegar. Hata muuza karanga aliyekuwa akipita alisimama. Kila mtu pale alijua: anayemwita mteja arudi, keshauza. Leodegar alijua kuliko wote.

"Watano na nusu," alijaribu.

"Mwalimu Mkuu," alisema Jacqueline kwa upole, "umeshamwita."

Mzee akakohoa. "Watano. Lakini wewe utafagia uwanja mwezi mzima."

Huda alikuwa anavaa kiatu chake. "Siku mbili," alisema.

Leodegar akamkabidhi Jacqueline fimbo ili mikono yake yote miwili iwe huru kupatana.