Viti vya Kasyoka

Watu wa wakfu walipopiga simu kusema kwamba Alhamisi watakuja kuona nyumbani kwao, Mwongeli alirukaruka kwa furaha mpaka kuku wakatawanyika uani. Kisha akamkumbuka mama yake, Munyiva, akatulia.

"Wageni?" Munyiva aliuliza, akaacha kupepeta maharagwe. "Wageni wa Nairobi? Hapa kwangu?"

"Mwaitu, hawakuji kama wageni. Wanakuja kuona vile tunaishi."

"Na wakikuja watakaa wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Nyumbani kwa Musembi, baba yake Mwongeli, hapakuwa na kiti. Palikuwa na kitanda, jiko la mawe, na ndoo kadhaa za rangi zilizopinduliwa, na ile kubwa kuliko zote ilikuwa ya Musembi mwenyewe, aliyekaa juu yake mlangoni kutwa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele na fimbo iko kando. Kama kuna nyumba katika Mitaboni yote ambayo haikuwa na haja ya kujieleza mbele ya watu wa msaada, ilikuwa hiyo. Ungefungua mlango tu, ukasimama pembeni, nyumba ikajisemea.

Musembi alikuwa mchimba mchanga. Alikuwa akipakia malori kule upande wa Kithyoko mpaka siku ukingo ulipomporomokea. Wenzake walimfukua kwa mikono, wakaufunga mguu kwa vipande vya mbao, na kabla gari halijapatikana na hospitali haijafikiwa, mfupa ulikuwa umeshaamua utakavyokaa. Ulikaa upande. Mwongeli alikuwa darasa la tano. Miaka miwili baadaye kanisa lilileta madaktari wa siku moja, na mama mmoja mfupi mwenye koti jeupe akalishika goti la Musembi, akalibonyeza hapa, akalivuta pale, akimsemesha habari za mvua. Jioni ile Musembi alikunja goti lake kidogo kwa mara ya kwanza tangu aumie. Mwongeli aliuliza kazi hiyo inaitwaje. Akaambiwa ni tiba ya viungo. Tangu siku hiyo, ukimuuliza anataka kuwa nani, hakufikiria.

Sasa alikuwa amemaliza shule, amepita vizuri, na chuo kilikuwa kimemwita kusomea hiyo hiyo tiba ya viungo. Kilichobaki ni karo, na karo kwa nyumba ya ndoo ni mlima. Tumaini lote lilikuwa kwa Wakfu wa Mbegu Njema, uliokuwa ukichukua mtoto mmoja tu kwa kila lokesheni, na kabla ya kumchukua ulituma mtu kuhakikisha kwamba shida aliyoieleza ni ya kweli.

"Mwaitu, wakiona sofa watasema tuko na pesa," Mwongeli alijaribu, kwa maana alishaona macho ya mama yake yameelekea kwa jirani.

"Na wakiona ndoo watasema hatuna adabu," Munyiva alijibu. "Mtu atoke Nairobi, apige hodi kwangu, nimwambie karibu ukae kwa ndoo? Unataka mama yangu afufuke?"

Jirani huyo alikuwa Kasyoka, mama yake Mwendwa. Mumewe alikuwa kibarua kiwandani huko Mavoko, na ingawa kibarua hicho kilikuwa cha leo kipo kesho hakipo, Kasyoka alikuwa na seti ya viti vya sofa iliyojulikana kijiji kizima, na juu yake vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, kila kimoja kina tausi katikati. Viti hivyo vilikuwa vimehudhuria harusi na matanga mengi kuliko mchungaji.

"Chukueni zote," Kasyoka alisema kabla Munyiva hajamaliza kueleza. "Na meza. Na chupa ya chai. Na hiyo saa ya ukuta pia chukueni, ukuta bila saa unakaa vibaya."

"Lakini hata Mwendwa si ameomba huko huko? Si watakuja kwako jioni hiyo hiyo?"

"Mimi nitajua vile nitafanya, Mama Mwongeli. Mtoto wako ni mtoto wangu."

Sentensi hiyo Mwongeli alikuja kuitafakari sana baadaye. Siku ile alibeba mto wa sofa kichwani, akavuka nao ua wa mibono akiwa amenuna, nyuma ya Mwendwa aliyebeba meza.

Alhamisi asubuhi nyumba haikutambulika. Ndoo zilikuwa zimefichwa nyuma ya choo. Kuku aliyekuwa akitaga, yule mmoja tu wa kutegemewa, alikuwa sufuriani. Musembi alitoka chumbani amevaa koti la arusi yake na viatu vilivyopakwa rangi mpaka vikang'aa, akajikokota kwa kushika ukuta hadi kwenye sofa, akaketi.

"Nau, fimbo iko wapi?" Mwongeli alimuuliza baba yake.

"Iko chini ya kitanda. Mgeni hakuji kuona fimbo."

Ilhali fimbo ndiyo hasa mgeni alikuwa amefunga safari kuja kuiona.

Mgeni alikuwa Madam Wavinya, Mkamba wa mjini huko Syokimau, aliyewasalimu kwa Kikamba "Wĩ mũseo?" kwa uangalifu wa mtu anayekanyaga mahali penye utelezi. Alikaribishwa kiti kikubwa. Aliketi, akaruka, akajishika nyuma. Kulikuwa na springi iliyotoboa kitambaa, na tausi wa Kasyoka alikuwa ameifunika vizuri mno.

"Pole, madam," Munyiva alisema akicheka kwa adabu. "Hicho kiti ni kipya, bado hakijazoea watu."

Mwongeli alifumba macho.

Chakula kililetwa. Kuku, chapati, wali, soda zilizopoeshwa kwenye maji ya mtungi. Munyiva aliomba radhi kwamba hakukuwa na kitu cha maana, kama inavyopasa kuomba radhi mbele ya meza iliyojaa. Madam Wavinya alikula kidogo, akatazama viti, akatazama saa, akatazama zile chapati. Kila alipotazama kitu alimtazama Mwongeli tena, na kila mara macho yake yalikuwa yamepoa kidogo zaidi.

"Mwongeli," alisema mwishowe, akiweka sahani chini. "Wewe ulituambia baba yako hawezi kutembea bila fimbo. Ndiyo sababu unataka kusomea hii kazi."

Musembi aliuliza, "Mimi?"

Kisha akasimama.

Alisimama kwa mikono yote miwili juu ya sofa, taratibu, halafu mkono mmoja, halafu bila mkono. Akachukua chupa ya soda mezani, akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akamwongezea mgeni kwenye gilasi bila kumwaga hata tone. Jasho lilikuwa limejaa juu ya mdomo wake. Akabaki wima hapo katikati ya nyumba yake, ndani ya koti lake la arusi, akitabasamu.

"Si unaniona, madam," alisema.

Madam Wavinya alimgeukia Mwongeli. "Sasa ukweli ni upi?"

Neno moja lingetosha. Hata neno halikuhitajika, ilikuwa ni kuingia chumbani, kuinama, kuitoa fimbo chini ya kitanda. Chuo chake kilikuwa chini ya kitanda kile. Mwongeli alimtazama baba yake, na jambo la kipuuzi likamjia, kwamba alikuwa amesahau baba yake ni mrefu kuliko mama. Miaka yote ile alikuwa amemtazama kwa kuinamisha kichwa.

"Anaendelea vizuri," Mwongeli alisema.

Madam Wavinya alifunga mkoba wake, akashukuru kwa chakula.

Gari lilipovuka kona, Musembi alianguka kwenye sofa kama gunia, akauma mkono wa koti ili asipige kelele. "Ameona sisi ni watu," alisema alipoweza kusema. "Hata asipotusaidia, ameona sisi ni watu." Mwongeli alipasha maji ya chumvi, akapiga magoti, akaanza kuukanda ule mguu kama alivyoukanda kila siku. Alikuwa amekasirika. Aliwakasirikia baba yake, mama yake, na hata marehemu kuku. Alikanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Musembi, ambaye hakuwa mjinga, alivumilia bila kulalamika.

Jibu lilikuja kabla mwezi haujaisha, na Mwongeli hakuhitaji kupigiwa simu kulipata. Vigelegele vilivuka ua wa mibono vyenyewe. Mwendwa alikuwa amechukuliwa, akasomee uhasibu. Habari zilifika kisimani kabla ya jioni, kwamba Madam Wavinya alipotoka kwa kina Mwongeli aliingia nyumba ambayo haikuwa na hata kigoda. Alitandikiwa mkeka, akapewa maji kwa kikombe cha plastiki, na ukutani akaona alama nyeupe ya duara pale ambapo zamani palikuwa na saa. Aliuliza saa ilikwenda wapi. Kasyoka alijibu, "Vitu vya nyumba hii huwa vinaenda tu, madam," na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kijiji kiligawanyika. Wengine walisema Kasyoka ana akili za kupita kiasi, wengine wakasema alifanya wema na Mungu akamwona. Kasyoka mwenyewe alishikilia kwamba yeye aliombwa viti akatoa, basi. Ni kweli kwamba tangu Alhamisi ile, kila Munyiva alipotaka kuvirudisha alikuwa akimwambia, "Kaa nazo tu, hakuna haraka." Haraka ilikuja siku ya vigelegele. Mwendwa alitumwa kuvichukua, kwa sababu Jumamosi kungekuwa na karamu.

Munyiva alivifuta vumbi kimoja kimoja. Kisha akafunga mkungu wa ndizi, akamwambia Mwendwa, "Mwambie mama asante sana, alituokoa aibu." Mwongeli alivumilia yote mengine, lakini ile asante ilimshinda. Alienda nyuma ya choo, kwenye ndoo, akalia.

Jumamosi walienda karamuni, kwa maana kutokwenda kungekuwa wivu. Madam Wavinya alikuwa mgeni wa heshima. Aliingia kwa makofi, akakaribishwa kiti kikubwa, akaketi, akaruka, akajishika nyuma.

"Pole, madam," Kasyoka alisema. "Hicho kiti ni cha zamani."

Madam Wavinya hakuketi tena. Alimtazama tausi. Alitazama ukutani, saa ikamtazama. Wakati huo huo Musembi aliingia langoni, pole pole, ameegemea fimbo. Hapa hapakuwa kwake, na mtu akiwa kwa wenyewe anaruhusiwa kuchechemea.

Madam Wavinya alimwita Mwongeli nyuma ya tangi la maji.

"Hizo viti ni za nani?"

"Ni za Mama Mwendwa."

"Na huo mguu?"

"Huo ni wa baba."

Madam Wavinya alivuta pumzi. "Msichana, nilikuuliza. Nilikuuliza ukiniangalia kwa macho. Kwa nini hukusema?"

Mwongeli alitafuta jibu la mtu aliyesoma, lakini lililokuja lilikuwa lile lile moja tu lililokuwa ndani yake tangu Alhamisi.

"Baba alikuwa amesimama, madam."

Yule mama aliangalia upande wa nyumba. Ndani watu walikuwa wakiimba. "Nafasi ya Mwendwa siwezi kuigusa," alisema baadaye, sauti imeshuka. "Hata yeye ana haki, baba yake hana kazi ya kutegemewa. Lakini Januari tunachukua wengine. Nitakuja kwenu. Na safari hii sipigi simu."

Alipoondoka, Mwongeli aligeuka akamwona baba yake. Alikuwa upande wa pili wa tangi, mikono yote miwili juu ya fimbo. Mtu anayetembea pole pole husikia mengi.

Jioni walirudi nyumbani, Munyiva mbele, Musembi nyuma na fimbo yake.

"Yule madam alikuwa anakuambia nini huko nyuma?" Munyiva aliuliza.

Mwongeli alifikiria kudanganya, akashindwa. "Anasema atakuja kwetu tena. Hakusema siku."

Munyiva alisimama katikati ya njia, uso ukimng'aa. "Atakuja? Basi lazima niongee na Mama Mwendwa mapema, kabla hajaahidi watu wengine hizo viti. Na kuku itabidi..."

"Hapana," Musembi alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Akija atanipata nimekaa."

"Umekaa wapi, Baba Mwongeli? Kiti kiko wapi?"

"Kwa ndoo yangu. Na fimbo yangu hapa." Alimtazama binti yake, kisha akatazama chini. "Nilishasimama. Inatosha."

Munyiva alitangulia hadi nyumbani, na mgongo wake ulionyesha wazi kwamba hajakubali. Pale mlangoni aliinamia ile ndoo kubwa ya rangi, akaipindua, akaitazama ndani na nje, akapitisha kidole kwenye matope yaliyokauka ukingoni.

"Basi wacha niioshe," alisema.