Mawifi Wawili kwenye Ofisi ya Bima

Dada yangu alikuwa anakaribia kujifungua ughaibuni alikoolewa, na waliojitwika kazi ya kwenda kumpokea mjukuu ni wawili: mama yangu, mshonaji, na shangazi, mwalimu mstaafu. Kuwapeleka hao ofisi ya bima ya safari niliachiwa mimi. Kaka zangu wote siku hiyo ghafla walikuwa na kazi.

Mama na shangazi ni mawifi tangu ujana wao, na tangu ujana wao hakuna aliyewahi kukubali mbele ya mwenzake kwamba anaumwa. Mama akipiga chafya shangazi akiwapo, anasema ni vumbi la vitambaa. Shangazi alipovunjika mkono, akafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, alituambia anaupumzisha.

Kijana wa bima alituamkia vizuri, akatukalisha mbele ya feni, akaanza kueleza. Bima ya chini ilishughulikia mzigo uliopotea na jino lililouma. Ya kati iliongeza hospitali. Ya juu ilikuwa na kila kitu, pamoja na, hapa akashusha sauti, "kumrudisha msafiri nyumbani, iwapo, Mungu apishie mbali..."

"Usituchulie!" mama akamkata kauli.

"Hatujapanda hata ndege, wewe ushatuzika," shangazi akadakia.

Kwa hilo tu walielewana. Kijana akajifuta jasho, akaingia kwenye maswali ya afya. Presha? Hapana. Sukari? Hapana. Moyo?

"Ninao," akasema shangazi, "na unafanya kazi."

Mimi nachemka. Mama ana vidonge vya presha, anavificha ndani ya kopo la vifungo kando ya cherehani, na kopo hilo nalijua.

"Hebu nieleze, kaka," nikasema. "Mtu asipotaja ugonjwa wake, akaugua huko, mnamlipia?"

"Hatulipi, dada. Na hospitali za huko si mchezo."

Nikamkanyaga mama mguu chini ya meza. Akaniambia kwa sauti nisogeze kiti, namkanyaga.

Kijana, kwa kukata tamaa au kwa ujanja, sijui mpaka leo, akafunga faili. "Basi sawa, wazee wangu. Wenye maradhi huwa tunawaombea kiti cha magurudumu uwanja wa ndege. Wanasukumwa tu, hawapangi foleni. Ila nyinyi wazima."

Shangazi amepangisha watoto wa watu foleni maisha yake yote, lakini yeye mwenyewe foleni haiwezi. Akakohoa kidogo. "Presha," akasema, "kidogo ninayo."

Mama akamgeukia. "Presha gani hiyo ya kidogo? Mimi nakunywa vidonge!"

"Na mimi nina sukari."

"Magoti yangu huyasikii yanavyolia nikipanda ngazi?"

"Moyo wangu, wifi, unarukaruka kama nini."

Kijana alikuwa anaandika mbio mbio. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka mpaka machozi.

"Moyo!" mama akasema. "Mwezi uliopita mimi nilianguka bafuni. Nikalala sakafuni mpaka kukapambazuka, nyumba nzima imelala."

Kicheko kikanikatika. Chumba changu kinapakana na bafu hilo.

"Mbona hukuniita?" Nilikuwa na hasira na hofu kwa pamoja.

"Ungewaambia kaka zako, mkanizuia kusafiri. Mwanangu anajifungua ugenini bila mama. Bora nifie ndegeni kuliko kukaa hapa nasubiri simu."

"Sasa nani anajichulia?" shangazi akauliza, lakini polepole.

Nilitaka kumwambia mama nisingemzuia. Ingekuwa uongo. Ningemzuia.

Shangazi akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama. "Kijana, kwangu futa sukari. Futa na moyo. Nilikuwa nashindana tu. Presha iache, hiyo ni kweli. Kwa huyu usifute kitu. Tupe ile ya juu, na viti vyetu vikae pamoja." Kisha akanikazia macho ya darasani. "Na wewe, mpeleke kwa daktari. Akiruhusiwa, tunaondoka, na asijitokeze mtu kutuzuia. Huko nitalala naye chumba kimoja. Akiinuka usiku, naamka naye."

Mama aliutazama ule mkono juu ya wake. Hakuutoa. Akamgeukia kijana.

"Mwanangu, bado unaandika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ongeza na kukosa usingizi. Huyu anakoroma."