Mtu wa Udongo Kwenye Njia ya Kosele

Jumatatu ile msimamizi wa shule aliwauliza watoto wa darasa la kwanza swali moja tu: tano toa mbili. Wakamjibu saba, tena kwa furaha kabisa. Akafunga daftari lake, akamwambia Rael, mwalimu wao, kuwa atarudi Ijumaa. Kama kutoa bado hawajui, darasa atapewa mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

Rael alisoma mpaka darasa la nne kwao kisiwani Mfangano, akaolewa huku Kosele, akazaa, akamzika mume, na siku hizi miguu ilimvimba kila jioni. Lakini watoto hawa aliwapenda. Walimwita Dani, yaani nyanya. Mwalimu lilikuwa jina la siku za wageni.

Jumanne akachota mchanga, mawe na matope ya udongo mweusi, akatandaza njia ndefu nyuma ya darasa na kuigawa kwa vijiti, hatua baada ya hatua. Akafinyanga mtu mdogo wa udongo. Mtoto atie mkono kibuyuni, atoe punje za mahindi bila kutazama. Punje nne, mtu anasogea hatua nne. Wakacheza mara moja, wakachoka.

"Dani, huyu mtu si wa hapa," Benta alisema.

"Wa wapi basi?"

"Sijui. Anapita kwenye matope kama anayeingia kanisani."

Wenzake wakacheka. Awino, mdogo wao na mwenye maneno kuliko wote, akadakia, "Kitendawili."

"Tega."

"Natoka nyumbani miguu mitupu, nafika sokoni nimevaa viatu."

Darasa zima likajibu pamoja: matope.

Rael akajiketisha chini polepole. Walisema kweli. Njia aliyotengeneza ilikuwa ya Mfangano, ambako hatua juu ya mwamba ni hatua, na mchanga hudondoka wenyewe mguuni. Miaka thelathini yuko Kosele, na mwili wake ukichoka bado hutembea kisiwani.

Jumatano akabadilisha. Kila zamu ndani ya matope, mtu wa udongo anabandikwa donge moja mguuni, na kila donge linakula hatua moja. Ukitaka yatoke, usimame zamu nzima ukwangue. Kwenye mteremko wa mawe unaongezewa mbili, utake usitake. Siku hiyo hakuna aliyefika mwisho. Matope yalikuwa marefu mno, na wengine wakaondoka kwenda kuruka kamba. Alhamisi akayapunguza nusu, mgongo ukimuuma, akawaita tena. Safari hii hawakutaka kwenda nyumbani.

Ijumaa msimamizi akaja. Akamsimamisha Awino.

"Tano toa mbili."

Awino akatazama vidole vyake vya miguu. Msimamizi akafungua daftari. Rael alihisi uchovu wa wiki nzima ukimshukia mabegani.

"Bwana," akasema, "nakuomba umuulize akiwa njiani."

Wakazunguka nyuma. Mtu wa udongo alikuwa katikati ya matope, madonge mawili mguuni. Awino akatia mkono kibuyuni, akatoa punje tano.

"Anakwenda ngapi?" msimamizi akauliza.

"Tatu."

"Kwa nini si saba?"

Awino akamtazama kama mgeni aliyepotea njia. "Saba na viatu hivyo? Labda awe chura."

Msimamizi akachuchumaa. Akabandika madonge mwenyewe, akauliza huyu na yule. Sita na madonge matatu. Tano na moja. Wakajibu kabla hajamaliza. Mwisho akaweka punje nne na madonge manne.

"Hapo huendi," Benta akamwambia. "Unasimama, unakwangua."

Msimamizi aliinuka akipangusa mikono, akaandika kwa muda.

"Mwalimu Rael, darasa ni lako mpaka mwisho wa mwaka. Lakini mwezi ujao nitawauliza ndani, kwenye madawati. Huko hakuna matope."

"Ndiyo, bwana."

Alipoondoka, watoto wakamzunguka. Rael hakupiga vigelegele. Alikuwa akifikiria namna ya kuwatoa watoto matopeni na kuwaingiza darasani bila kuimwaga hesabu njiani, na hakuona wapi pa kuanzia.

"Dani, tucheze tena?"

"Chezeni," akasema, akiegemea ukuta. "Ila leo kibuyu ashike mwingine. Mimi acheni nikae kidogo."