Jina la Mbeti Kwenye Marejeleo

Mbeti Muoki alikuwa na sharti moja tu. Binti yake Mwelu alipomweleza kwamba chuoni wanaohojiwa hufichwa majina, wakaitwa mshiriki wa kwanza, wa pili, wa tatu, alicheka kicheko cha hasira.

"Miaka kumi na tisa nimeitwa mama wa kufua. Mimi ni Mbeti Muoki. Ukiniandika, niandike hivyo. La sivyo, zima hiyo simu yako."

Mwelu akaapa. Tasnifu yake ilihusu wanawake wanaokaa nje ya malango ya nyumba za watu wakisubiri kuitwa kufua, na hapo nyumbani Shauri Moyo, Nairobi, hakuna aliyeijua kazi hiyo kumshinda mama yake. Alimrekodi saa mbili nzima. "Nilijua siri za kila nyumba kwa mashuka yake," Mbeti alisema, "lakini wenye nyumba hawakujua hata jina langu."

Sasa, Mwelu naye alikuwa na kibarua ambacho vijana wengi wenye kompyuta Eastlands wanakijua, na hakuna anayethubutu kukitaja mbele ya mwalimu: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Sisi tunaumiza kichwa, wao wanapewa alama. Mteja mmoja, Colby Hartnell, alitaka insha kuhusu kazi za wanawake mijini, yenye sauti za watu halisi, na aliitaka kabla ya saa kumi jioni. Mwelu alikuwa hoi. Akafungua mahojiano ya mama yake, akayamimina humo kurasa sita, akatuma. Si insha ya shule tu? Itasomwa na mtu mmoja, itupwe. Alijidanganya vizuri kweli!

Mwaka ukapita. Tasnifu ikaisha, ikapitishwa kwenye mashine ya kukagua wizi wa maandishi, na Daktari Wekulo, msimamizi wake, akamwita ofisini. Kurasa zilikuwa zimejaa mistari myekundu.

"Maneno haya yako mtandaoni tangu mwaka jana," alisema. "Jarida la wanafunzi. Hartnell."

Mwelu akasoma kwenye kompyuta ya mwalimu. Neno kwa neno. Na jamaa, bila haya, alikuwa ameongeza: "mwanamke mmoja niliyeketi naye Nairobi." Ameketi naye wapi? Nairobi yenyewe aliijua kwenye ramani tu, mwongo mkubwa!

"Sasa huyu Mbeti Muoki wako," Daktari aliendelea, "anasema yaleyale aliyosema mhojiwa wa Hartnell. Ama umenakili ukasahau kutaja chanzo, ama umebuni mtu. Nimeamua kuamini ulisahau. Mtoe huyo Mbeti."

Rekodi ilikuwa kwenye simu, mfukoni mwake, na tarehe yake. Mwelu akaishika, akaiacha. Akiitoa tu, swali la pili lingekuwa: Hartnell aliyapata wapi? Wanafunzi wawili walikuwa wameshafukuzwa kwa kuwaandikia wa ng'ambo. Miaka minne ya masomo ingekwenda na maji hapo hapo, na Mbeti angebaki langoni kungoja kuitwa.

"Ndiyo, Daktari," alisema. Alijichukia palepale.

Daktari Wekulo, mtu mwema kwa kweli, akavuta kiti ili amfundishe. "Jina la ukoo kwanza. Herufi ya kwanza ya jina lake. Mwaka. Kichwa cha makala, jarida, anwani kamili ya mtandao, na tarehe uliyoifungua. Msiwe mnaandika 'intaneti' halafu basi. Anayesoma afungue, amkute mwenye maneno." Akataka nakala iliyosahihishwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Ijumaa asubuhi Mbeti aliikuta nakala mezani, bado ina joto la duka la Mativo la kuchapisha. Akapangusa mikono kwenye leso, mikono iliyochunwa na sabuni, akaketi. "Nisomee nilipo."

Mwelu akasoma ukurasa wa arobaini na nne. Mbeti akatabasamu, midomo yake ikitangulia maneno. Kisha akaweka kidole mwisho wa sentensi. Kusoma alikuwa anajua.

"Hartnell. Huyu ni nani?"

"Ni chanzo, mwaitu, mama yangu. Ndivyo wanavyotaka."

"Na mimi?"

"Uko kwenye shukrani."

Mbeti akarudi mwanzo mwenyewe. "Namshukuru mama yangu mpendwa." Akangoja, kana kwamba kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Jina lingeandikwa hapo, Daktari angeuliza. Akaenda nyuma kabisa, kwenye orodha ya marejeleo, akateremsha kidole jina kwa jina, akafika M, akaipita, akairudia.

"Mwelu."

"Naam, mwaitu."

"Huyu Hartnell alifua nyumba gani?"

Mwelu akaichukua nakala taratibu kutoka mikononi mwa mama yake, akaitia kwenye mkoba, akasema anachelewa, lazima ifike chuoni kabla ya saa sita.