Koo la Chuma Atangaza Mechi

Mjane wa Koo la Chuma alikuwa akishona namba tisa mgongoni mwa jezi, redio ikiwa juu ya kabati la nyuzi. Mtangazaji alipofungua kinywa kutangaza kona, sauti ya marehemu ikatoka. Mjane aliondoa mguu kwenye pedali, akaongeza sauti ya redio.

Jukwaa la mashariki liliimba likiongozwa na koo hilo miaka mingi. Nyimbo zilitungwa na mke, kwa mdundo wa cherehani. Mume alizipeleka uwanjani tu. Msimu uliopita mwenyekiti wa klabu alilifunga geti la mashariki kwa kufuli, watu wasije wakaondoka kabla ya hotuba yake. Nyaya za umeme jukwaani zikashika moto, watu wakasukumana, Koo la Chuma akafia getini. Mtangazaji akasema hewani kwamba marehemu alikuwa amelewa, mtu ambaye hata soda aliinywa kwa mashaka.

Mjane hakulia. Alitunga ubeti wa kulipiza kisasi, akawa anaurudia kila akikanyaga pedali, mpaka ukakolea. Sasa ndio huo ulikuwa hewani:

*Mpira unapaa, macho yote juu,*
*geti lina kufuli, tuko chini ya miguu.*
*Ufunguo kwa nani? Kwa mwenyekiti mkuu!*

Shemeji yake alichungulia mlangoni. "Shemeji, kaka yuko redioni."

"Namsikia. Kaa."

"Na mtangazaji mwenyewe?"

"Yupo. Anampumulia kaka yako."

Tangu siku hiyo mtangazaji hakuipata tena sauti yake, hata ya kuombea chumvi mezani. Mjane alifurahi, tena sana. Kituo kilimwongezea mtangazaji mkataba, kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wamezidi.

Jumamosi iliyofuata mjane alikwenda uwanjani kumwona mwenyekiti akiumbuka. Jukwaa zima liliimba ule ubeti, kila mmoja akijua maana yake. Mwenyekiti alisimama, akapiga makofi, akacheza kidogo. Wimbo ulikuwa mtamu, na aliyetajwa ndani yake alikuwa yeye.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu waliteremka hadi geti la mashariki. Lilikuwa limefungwa. Wakasubiri hotuba wakiimba, na mwenyekiti akiwa kwenye kipaza sauti akawagongea mdundo kwa ule ufunguo.

Mjane, aliyebanwa katikati yao, akagundua kwamba mguu wake unakanyaga pedali isiyokuwepo.